Mpagazi Habebi Njia: Kumtumaini Mungu katika Nyakati Ngumu

(Hotuba iliyotolewa katika maadhimisho ya miaka 100 ya usharika)

 

Kamati ya Maandalizi imenipa heshima ya kuzungumza nanyi juu ya kumtumaini Mungu katika nyakati ngumu, nyakati ambazo mtu hajui kesho italeta nini. Nakiri kwamba nilipoisoma barua ya Kamati nilisita kuijibu. Sikusita kwa sababu somo ni geni kwangu. Nimelihubiri tangu nilipotoka Makumira nikiwa kijana. Nilisita kwa sababu ni somo ambalo ni rahisi kulisema vibaya. Katika siku ya furaha kama hii tunavutwa kuhesabu mema: kanisa lilivyoezekwa, kwaya zilivyoongezeka, mitaa ilivyozaliwa. Ni haki kuhesabu hivyo, na Kamati imefanya kazi hiyo vizuri katika kurasa nyingine za kitabu hiki. Lakini hesabu ya mema hufanywa mwishoni, mtu akiwa ameketi. Waliotutangulia walilazimika kumtumaini Mungu wakiwa bado njiani, kabla ya kujua kama kungekuwa na mwaka unaofuata, sembuse mwaka wa mia.

Kwa hiyo nimeona niwachukue hadi mahali palipo karibu nasi, ambapo watoto wetu wa shule hupelekwa kutazama nyumba ya kale: Kwihara, kilomita chache tu kutoka mjini Tabora.

NJIA ILIYOPITA HAPA

Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, nchi hii ilipitiwa na njia ya miguu iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji. Wasafiri wa kale waliuita mji wetu Kazeh, na nchi yetu Unyanyembe. Kutoka pwani hadi hapa ni mwendo wa zaidi ya kilomita 800, na misafara ilitumia miezi miwili hadi mitatu, au zaidi mvua zilipokuwa nyingi. Nguo, shanga na nyaya za shaba zilipanda bara. Pembe za ndovu ziliteremka pwani. Waliozibeba wengi wao walikuwa babu zetu Wanyamwezi, waliosifiwa katika kazi hiyo kuliko watu wengine wote. Mpagazi alibeba mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu, siku baada ya siku.

Kulikuwa na kirangozi aliyetangulia. Kulikuwa na hongo iliyolipwa kwa watemi ili msafara upite. Kulikuwa na posho iliyogawiwa kambini. Kambi yenyewe ilikuwa mahali pa maji. Pasipo maji hapakuwa na kambi.

Lakini kulikuwa na jingine ambalo hatuwezi kulinyamazia katika nyumba ya Mungu. Katika njia hiyo hiyo walipitishwa watu waliofungwa minyororo shingoni, waliouzwa kama bidhaa. Nao walilia, na wengi wao hawakuona wokovu wa kilio chao. Nalisema hili mapema, asije mtu akadhani nimekuja kusimulia njia ya baraka tupu.

Tena haikuwa njia salama. Mwaka 1871 vita vilizuka kati ya Mtemi Mirambo wa Urambo na wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe, na njia ya kwenda Ujiji ikafungwa. Mwezi wa Agosti mwaka huo jeshi la Mirambo lilifika hadi Tabora penyewe, na sehemu ya mji ikateketezwa. Henry Morton Stanley, aliyekuwa hapa wakati huo akimtafuta Dkt. David Livingstone, ilimbidi azunguke mbali upande wa kusini ndipo akafika Ujiji. Watu wa mji huu wanajua tangu zamani maana ya kuamka asubuhi na kuambiwa kwamba njia imefungwa.

MIEZI MITANO KWIHARA

Stanley alipomwona Livingstone Ujiji, walirudi pamoja hadi Kwihara, wakafika mwezi wa Februari 1872. Tarehe 14 Machi Stanley alishika njia ya pwani, akiahidi kutuma wapagazi kutoka Unguja ili mzee aweze kuendelea na safari yake. Livingstone akabaki katika tembe ile, akingoja.

Ndugu zangu, tufikiri maana ya kungoja huko. Hapakuwa na simu wala posta. Kama Stanley angekufa njiani kwa homa, habari ingemfikia Livingstone baada ya miezi, au isingemfikia kabisa. Tarehe 19 Machi, siku tano tu baada ya kuachwa, alitimiza miaka 59. Afya yake ilikuwa imevunjika. Siku hiyo aliandika katika daftari lake ombi fupi, akijitoa upya kwa Bwana wake. Kisha akaendelea kungoja Machi, Aprili, Mei, Juni, Julai. Wapagazi walifika tarehe 14 Agosti, na tarehe 25 Agosti akaondoka nao kuelekea kusini.

Nilipokuwa kijana nilipenda kuimalizia hadithi hapo: alingoja, akatumaini, akapata. Lakini hadithi haikuishia hapo, na kuikata mahali panapotupendeza si uaminifu.

Livingstone aliondoka Kwihara akitafuta chanzo cha Mto Naili, akiamini kwamba maji ya upande wa kusini na magharibi wa Ziwa Tanganyika ndiyo chanzo chenyewe. Alikosea. Mto Lualaba aliodhani ni Naili ni maji ya Kongo, kama Stanley mwenyewe alivyothibitisha mwaka 1877 alipoufuata hadi bahari ya Atlantiki. Mtu wa Mungu alitembea hadi kufa, kwa maombi na kwa machozi, akiifuata hesabu isiyo sahihi. Tarehe 1 Mei 1873 alikufa katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia.

Kulikuwa na jambo la pili alilolitamani, nalo ni mwisho wa biashara ya watumwa. Hilo nalo hakuliona. Tarehe 5 Juni 1873, wiki tano tu baada ya kifo chake, Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga soko lao. Moja ya mambo yaliyoongeza shinikizo huko Uingereza ni maandishi ya Livingstone mwenyewe juu ya mauaji aliyoyaona Nyangwe mwezi wa Julai 1871. Alichokitafuta kwa nguvu zake zote hakukipata. Alichokiandika kwa uchungu, bila kujua kitafika wapi, Mungu alikitumia.

Sisemi kwamba mtu huyu hakuwa na doa. Hakuwa Mlutheri, na baadhi ya waliopita katika njia alizozifungua walikuja na bendera na bunduki. Namtaja kwa sababu maisha yake yanatenganisha mambo mawili ambayo sisi huyachanganya. Kumtumaini Mungu ni jambo moja. Kuwa na hakika kwamba hesabu zetu ni sahihi ni jambo jingine kabisa. Mtu aweza kumtumaini Mungu kwa moyo wote, na ramani yake ikawa na makosa.

WALIOKATAA KUZIKA

Mwezi wa Oktoba 1873, tembe ile ile ya Kwihara ilipokea wageni wengine. Walikuwa Waafrika waliofuatana na Livingstone, wakiongozwa na Susi na Chuma. Chuma, Myao, alikuwa mtumwa aliyekombolewa akiwa kijana mwaka 1861. Susi alitoka Shupanga, katika Msumbiji ya leo. Walikuwa wameuzika moyo wa bwana wao chini ya mti huko Chitambo, na Jacob Wainwright, aliyesomeshwa katika shule ya wamisionari huko India, akasoma ibada ya maziko. Mwili waliukausha kwa jua, wakaufunga, wakaubeba begani hadi hapa. Walikuwamo na wanawake, kama Halima aliyekuwa mpishi.

Hapa Kwihara walimkuta Mwingereza, Luteni Cameron, aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone akiwa hai. Yeye aliwashauri wauzike mwili hapa hapa. Ulikuwa ushauri wa busara: njia ilikuwa ndefu, homa zilikuwa nyingi, na watu wa vijiji vingi waliogopa kupitishiwa maiti. Lakini walikataa.

Hebu tuwatazame watu hawa. Hawakuwa na barua ya kuwahakikishia kwamba watalipwa. Hawakujua kama Wazungu wa pwani wangewashukuru, au wangewashitaki kwamba ndio waliomwua. Baada ya kuondoka hapa, walipozuiwa njiani, ilibidi waufunge mwili upya ufanane na robota la nguo, na kuwatuma wenzao wachache kurudi nyuma kana kwamba wanaurudisha Unyanyembe kuzikwa. Wakafika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Tarehe 18 Aprili mwaka huo Livingstone alizikwa London, katika kanisa la Westminster Abbey. Jacob Wainwright alikuwa miongoni mwa waliolishika jeneza. Susi na Chuma hawakuwapo. Walipelekwa Uingereza baadaye, maziko yakiwa yamekwisha. Waliobeba kwa miezi mingi hawakuona kaburi likifungwa.

Susi alibatizwa mwaka 1886 huko Unguja, akapewa jina la Daudi. Basi alipoubeba mzigo ule hakuwa bado Mkristo. Nalisema hili mbele ya ndugu zetu Waislamu waliokuja kushangilia pamoja nasi: uaminifu ule ulionekana hapa kwetu, mabegani mwa watu wa dini mbalimbali, nasi tunajifunza kwao.

TABORA YA 1916

Miaka 40 na kitu baadaye, mji huu ulipata tena nyakati ngumu. Katika Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Wajerumani ilirudi nyuma hadi Tabora na kuufanya mji kuwa makao yake. Fedha ilipokwisha waligonga sarafu katika karakana ya reli: za shaba nyeupe na nyekundu kwa matumizi ya kila siku, na za dhahabu ya Sekenke za thamani ya rupia 15, zenye picha ya tembo. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia mjini. Sarafu zilizogongwa mwaka huo huo zilibaki mikononi mwa watu, na serikali iliyozitoa haikuwapo tena.

Katika vita hiyo Tabora ilikuwa pia mahali pa kufungwa. Wamisionari Waingereza wa Kanisa Anglikana waliwekwa kizuizini hapa, pamoja na walimu wao Waafrika, ambao walitendewa vibaya kuliko Wazungu. Kisha gurudumu likageuka. Sasa ni wamisionari Wajerumani waliokamatwa, na kufikia mwaka 1920 karibu wote walikuwa wameondolewa nchini. Sharika za Kilutheri zikaachwa bila wachungaji wao.

Nani aliyejua wakati ule kwamba Kanisa la Kilutheri lingeendelea kuwapo? Hakuna. Lakini Uzaramo mwalimu Martin Nganisya aliwashika Wakristo pamoja. Buhaya Andrea Kajerero na wenzake, waliokuwa wamekwisha kuzoea kukusanyika na kusali kabla wamisionari wa Bethel hawajafika mwaka 1910, waliendelea. Na katika vijiji vingi walikuwapo walimu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Wengi wao hawakuwa wamewekewa mikono. Kitu walichoweza kufanya ni kupiga kengele, kusoma somo, kusali, kufundisha watoto Katekisimo, na kuzika wafu. Wakafanya hivyo. Jumapili iliyofuata wakafanya tena. Tarehe 19 Juni 1963, makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana na kuwa KKKT, jengo lile lilikuwa limesimama juu ya Jumapili hizo.

JAMBO NILILOFUNDISHWA CHINI YA MWEMBE

Ninalotaka kulisimulia sasa sijawahi kulisema katika mkutano mkubwa. Mama mchungaji ameniruhusu.

Mwanzoni mwa mwaka 1998, wakati wa mvua za El Niño, nilikuwa nahudumu katika usharika wa vijijini. Wengi wenu mnakumbuka mvua zile. Reli ya Kati ilikatika, madaraja yakachukuliwa na maji, vijiji vikawa visiwa. Binti yetu wa miaka sita alishikwa na homa ya malaria. Usiku wa pili alianza degedege. Tuliondoka na baiskeli mbili na vijana wanne wa kwaya kwenda hospitali. Tulipofika mtoni hapakuwa na daraja. Tulisubiri maji yapungue. Niliomba kwa sauti, nikiyataja maandiko yote ninayoyajua. Maji hayakupungua. Alfajiri mtoto wetu alifariki mikononi mwa mama yake, nasi tunaiona ng'ambo ya pili.

Tulizika Ijumaa. Jumapili nilisimama madhabahuni. Liturujia niliweza kuisema, kwa sababu imeandikwa na mdomo umeizoea. Ulipofika wakati wa mahubiri nilipanda mimbarani, nikafungua Biblia, nikashindwa. Nilishuka, nikaketi. Kanisa zima lilikaa kimya. Kisha mzee mmoja wa kanisa, mtu wa zaidi ya miaka 80, akasimama, akaanzisha wimbo, akaomba, ibada ikaendelea.

Wiki hiyo alikuja mhubiri mmoja mgeni akatuambia kwamba mtoto amekufa kwa sababu imani yetu ilikuwa haba. Nilitaka kumfukuza, ila sikuwa na nguvu hata za kusimama. Jioni yule mzee wa kanisa alikuja, tukaketi chini ya mwembe. Alikaa muda mrefu bila kusema neno. Nami nikamwambia lililokuwa moyoni: “Mzee, miaka iliyobaki mbele yangu nitaibebaje? Nitasimamaje mimbarani miaka 30 mingine nikiwa na hili?”

Akajibu: “Mchungaji, babu yangu alikuwa mpagazi, alikwenda pwani mara nyingi. Alituambia hivi: mpagazi habebi njia. Hubeba mzigo, tena mpaka kambini tu. Atakayetaka kuibeba njia yote asubuhi, hatafika hata kambi ya kwanza.”

Nikamwuliza: “Na mzigo ukimshinda kabla ya kambi?”

Akasema: “Ndiyo maana hawakwenda mmoja mmoja.”

Kwa Jumapili nne zilizofuata wazee walipokezana kusoma somo na kusema maneno machache. Mimi nilihudumu Meza ya Bwana tu. Jumapili ya tano niliweza kuhubiri. Sikumbuki nilihubiri nini.

Miaka mingi imepita. Sikuwahi kupewa jibu kwa nini maji hayakupungua, na sitajifanya mbele yenu kwamba ninalo. Zaburi ya 88 humalizikia gizani, wala Kanisa halikuiondoa katika Biblia. Lakini nilibebwa hadi kambini, na kesho yake tena. Hilo naweza kulishuhudia.

MAMBO MATATU KWETU LEO

Wapendwa, kutokana na haya nina mambo matatu.

La kwanza: tumtumaini Mungu, tusiitumaini ramani yetu. Katekisimo Ndogo tuliyofundishwa wakati wa kipaimara huifafanua Amri ya Kwanza kwa mambo matatu: kumcha Mungu, kumpenda na kumtumaini. Haitaji kwamba tutajua atafanya nini. Siku hizi vijana wetu huambiwa kwamba mwenye imani hupata gari, hupata visa, hupona ndani ya siku saba. Asipopata, huambiwa imani yake ni haba. Mafundisho hayo humwacha mtu peke yake siku anayohitaji wenzake zaidi. Waraka kwa Waebrania, sura ya 11, baada ya kuwasifu mashujaa wa imani, unasema waziwazi kwamba walikufa bila kuzipokea ahadi, wakiziona kwa mbali. Hawakutajwa kuwa wameshindwa.

La pili: tumaini hutembea. Wapo wanaodhani kwamba kumtumaini Mungu ni kukunja mikono. Yeremia, mji ukiwa umezingirwa na adui na yeye mwenyewe akiwa kifungoni, alinunua shamba Anathothi, akapima fedha, akaweka mashahidi na hati (Yeremia 32). Martin Luther, tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, alibaki mjini kuwahudumia wagonjwa, lakini pia alifundisha kwamba anayedharau dawa na kujihatarisha bila sababu anamjaribu Mungu. Mwaka 2020 na 2021, wakati wa ugonjwa wa korona, tuliyahitaji mafundisho hayo, na baadhi yetu tulichelewa kuyakumbuka. Kwa hiyo nasema kwa wakulima wa tumbaku mlio hapa, mnaopanda kila msimu bila kujua bei na wakati mwingine mkiwa na deni la pembejeo: ombeni, tena mkae pamoja kuhesabu deni, mpande na mahindi ya watoto. Nasema kwa wazazi: ombeni, tena mpeleke mtoto kituoni siku ya kwanza ya homa. Mwana wa Israeli aliyepewa mana jangwani (Kutoka 16) alipaswa kuamka na kuiokota. Ilikuwa posho ya siku moja, nayo ilitosha siku moja. Aliyejaribu kuilimbikiza iliharibika.

La tatu: tumaini hubebwa na wengi. Kuna siku ambayo mchungaji wenu hataweza kuamini sawasawa, na mtaamini kwa niaba yake. Kuna siku ambayo mjane wa mtaa wa mbali hataweza kuomba, na mtaomba mahali pake. Usharika uko kwa ajili hiyo. Nina ombi kwa Baraza la Wazee, nalo naomba liandikwe. Kitabu hiki kina picha za wachungaji waliohudumu hapa, na hilo ni jema. Lakini kabla wazee wetu hawajaondoka wote, ulizeni majina ya waliopiga kengele, waliopika, waliochota maji ya kufyatulia matofali, waliokaa usiku na wafiwa. Kama Susi na Chuma, wengi wao hawakuwapo siku ya picha. Pia naomba katika kila mtaa wateuliwe watu wawili ambao kazi yao ni moja: mtu akifiwa au akipatwa na janga, wafike kabla ya hotuba, wakae naye, wala wasimweleze sababu.

HITIMISHO

Ukienda Kwihara leo utakuta tembe na utulivu. Aliyengoja ameondoka, waliobeba wameondoka, njia yenyewe imeota majani. Miembe mikongwe ya mji wetu, ambayo wazee husema iliota au kupandwa wakati wa misafara, bado inawapa kivuli watu ambao hawakuijua misafara hiyo.

Sijui miaka 100 ijayo ya usharika huu itakuwaje. Hakuna ajuaye katika sisi tulio hapa. Kuna mzigo wa leo, na kuna kambi ya leo, na tuko wengi. Kirangozi wetu ametangulia. Yeye mwenyewe aliubeba mti begani, akasaidiwa na mtu wa Kirene. Anajua uzito.

Mungu awabariki wana usharika, awabariki wageni wetu, awakumbuke wote waliolala katika udongo huu wakiwa hawajauona mwisho wa safari.

Amina.